Mafuta ya Taa Katika Gari la Mjomba

Wenzangu waliokuwa kidato cha pili mwaka 2022 watakumbuka kwamba muhula wa pili kitanda changu bwenini kilikaa kitupu. Wengine walisema nimeoa. Wengine walisema nimevuka mpaka kwenda Kongo kutafuta dhahabu. Bruda wetu wa fizikia, aliyeijua sababu, hakusema neno, nami niliporudi nikanyamaza vile vile. Sasa mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili ameniomba niandike jambo lo lote kabla sijaondoka shuleni, basi nimeona afadhali niandike hilo. Sikuoa wala sikwenda Kongo. Nilikuwa Arua, katika karakana ya fundi wa pampu za dizeli, nikiosha vyuma tangu asubuhi hata jioni, kwa ajili ya neno moja nililolisema mwezi wa Januari.

Kwetu ni wilaya ya Nebbi, ng'ambo ya mto Nile kwa mtu atokaye Kampala. Baba ana mashine ya kusaga muhogo na mtama. Injini yake ni ya silinda moja, ina magurudumu mawili mazito ya chuma kushoto na kulia, ni ya namna ile ya Lister iliyotokea Dursley huko Uingereza zaidi ya miaka tisini iliyopita, na ambayo mafundi wa Rajkot katika India waliiiga hata ikaenea mbali. Hii ya baba yatoka Rajkot. Haina haraka: hugeuka mara 650 tu kwa dakika, na mtu aliye shambani aweza kuyahesabu mapigo yake. Nusu ya ada yangu ilitoka katika mapigo hayo. Nusu ya pili ilitoka kwa mjomba, mwenye pikapu ya kuchukua wachuuzi na samaki kutoka Panyimur, ukingoni mwa Ziwa Albert, kuja huku juu. Mama yangu alikwisha kufariki, na mjomba alisema nusu ile ni ya dada yake.

Msomaji ataikumbuka Januari ile. Shule zilizofungwa tangu Machi 2020 kwa sababu ya korona zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, na kila mzazi alikuwa akihangaikia ada. Wakati ule ule madereva wa malori waligoma mpakani, Malaba na Busia, wakikataa kupimwa korona kwa lazima na kutozwa fedha za kipimo. Mafuta ya Uganda karibu yote hupitia Kenya. Malori yakapanga foleni ndefu, na petroli mahali pengine ikafika shilingi 10,000 kwa lita na kupita. Kwetu tulio mwisho wa njia, hata dizeli ya bei ya kulangua haikuonekana. Mashine ya baba ikanyamaza. Akina mama walikuja na muhogo wao mkavu vichwani, wakaketi kivulini wakingoja, kisha wakarudi nyumbani kutwanga.

Lakini hatua hamsini kutoka mashine yetu, katika duka la mama mmoja, lilikuwako pipa zima la mafuta ya taa. Lilikuwa limekaa miezi mingi, kwa maana siku hizi watu wengi wa kwetu wana taa za jua, na anunuaye mafuta ya taa hununua chupa moja ya kuwashia jiko. Bei yake ilikuwa shilingi 3,500 kwa lita.

Hapo ndipo elimu yangu ilipoingia. Katika miezi ile ya kukaa nyumbani nilikuwa nimekisoma kitabu cha fizikia, kilichoachwa kwetu na jirani aliyesoma katika shule hii zamani, nikakisoma mpaka gamba likatoka. Humo niliikuta habari ya Rudolf Diesel. Mwaka 1897, mjini Augsburg katika Ujerumani, Profesa Moritz Schröter aliipima injini ya bwana huyo na kuona kwamba yaweza kugeuza karibu asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi, na hakuna mashine ya mvuke ya siku zile iliyofika hapo. Mafuta yaliyotiwa katika injini ile yalikuwa mafuta ya taa. Mafuta tunayoyaita dizeli leo yalikuja kupata jina baadaye, kutokana na injini. Nilipiga mstari chini ya maneno hayo.

Nikamwendea baba. Baba akasema, "Mafuta ya taa ni ya taa." Nikamweleza jinsi injini ya dizeli isivyo na cheche kama ya pikipiki. Hewa husongwa ndani ya silinda mpaka inabaki kama sehemu moja ya kumi na saba ya nafasi yake ya kwanza, na kwa kusongwa hivyo hupata joto la digrii 500 na zaidi. Mafuta yakipulizwa humo huwaka yenyewe. Mafuta ya taa hujiwasha yenyewe katika digrii mia mbili na kitu, kadiri ile ile ya dizeli. Kwa hiyo injini haitajua tofauti. Mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza akaniunga mkono, akasema kwamba trekta aliyoiendesha ujanani ilikunywa mafuta ya taa msimu mzima. Nilifurahi kupata shahidi. Sikujua wakati ule kwamba trekta zile, kama Ferguson ya mwaka 1949 ya namna hiyo, hazikuwa za dizeli hata kidogo. Zilikuwa na plagi na cheche, zikawashwa kwa petroli, na zikiisha kupata moto dereva hugeuza koki zikaendelea na mafuta mepesi kama ya taa. Mzee alisema kweli, lakini kweli yake ilikuwa ya injini nyingine.

Baba alikubali kwa sababu ya wale akina mama kivulini, si kwa sababu ya Profesa Schröter. Tukatia lita tano. Nikaushika mkono wa kuwashia, nikazungusha, nikaangusha kile kidude cha kufungia valvu, na injini ikaitika. Sauti ilikuwa kali kidogo kuliko kawaida, moshi ulikuwa mchache, na mtama ulipojaa katika mashine nguvu ilipungua kwa kitambo. Basi. Tulisaga siku tisa, muda wa saa nne kila siku. Watu walikuja hata kutoka vijiji vya mbali, na wengine walinitazama kama mtu aliyefufua maiti. Msomaji, sijapata tena sifa tamu kama zile.

Siku ya tisa alikuja mjomba. Alikuwa ameiegesha pikapu yake tangu mwanzo wa mgomo. Aliizunguka injini ya baba, akainusa, akagusa bomba la moshi, kisha akaniuliza, "Mpwa wangu, na gari langu je?"

Mtu mwenye akili angaliuliza kwanza gari lina pampu ya namna gani. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano na watu walikuwa wakinitazama. Nikasema, "Mjomba, injini ya dizeli ni injini ya dizeli."

Hilo ndilo neno lenyewe.

Nilichelewa majuma mawili tu kurudi shuleni, na ada yote ilikuwa mkononi isipokuwa nusu ya mjomba, ambayo aliahidi kuileta mwenyewe. Alikuja mwezi wa Februari. Mgomo ulikuwa umekwisha na dizeli ilikuwa imerudi, lakini mafuta ya taa yalikuwa bado na bei nafuu, na mjomba alikuwa akiendelea kuyanunua katika pipa lile. Nakumbuka alisimama langoni pa shule bila kuzima injini. Nilimwambia azime tukae tuzungumze. Akasema, "Nikiizima ikiwa na moto, hainisikii tena. Asubuhi inawaka vizuri. Mchana lazima niimwagie pampu maji baridi ndipo ikubali." Nami, mwanafizikia, nikamwambia hiyo ni betri. Akanipa fedha, akaniaga dirishani, akaondoka.

Katikati ya Machi, pikapu ilikuwa ikipanda mlima kutoka bonde la ziwa, imejaa watu kumi na wanne na magunia ya samaki wakavu. Injini ikaishiwa nguvu, ikatetemeka, ikazimika. Gari likaanza kurudi nyuma. Tanboi aliruka akatia jiwe nyuma ya gurudumu, na gari likasimama. Lakini kabla ya jiwe hilo, mama mmoja wa makamo aliyekuwa amekaa juu ya magunia aliogopa akaruka naye, akaanguka vibaya na kuvunjika mkono. Alikuwa mmoja wa wale waliongoja kivulini Januari. Ningaliandika habari hii kwa urahisi zaidi kama angalikuwa mtu nisiyemjua.

Mjomba alilipa hospitali. Kisha pampu ikafunguliwa, na fundi akataja gharama ya kuitengeneza pamoja na nozeli nne: shilingi 1,400,000. Fedha hizo zilikuwa ada yangu na zaidi. Baba alipokuja kunieleza, hakunikemea. Alisema tu kwamba muhula wa pili hauna fedha, na kwamba yule fundi wa Arua yu tayari kupunguza hesabu yake kama atapata kijana wa kufanya kazi bila mshahara. Nikasema nitakwenda mimi.

Fundi yule ni mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza hakuniuliza nimefanya nini. Alikuwa amekwisha ambiwa. Alinipa ndoo ya mafuta ya taa na brashi, akasema, "Haya, hapa ndipo mahali pake," nikaosha vyuma kwa majuma mawili. Ndipo akaniita mezani.

Alichukua plunja mpya ya pampu ya silinda moja, kama ile ya baba, pamoja na kinyumba chake. Plunja ni kijiti cha chuma kigumu, kinene kidogo kuliko penseli. Aliichovya katika dizeli safi, akaivuta juu mpaka nusu, akaiachilia. Ikashuka polepole kwa uzito wake, kama mzee aketiye kitini. Akaifuta, akaichovya katika mafuta ya taa, akafanya vile vile. Ikashuka upesi. Akaniuliza, "Umeona?" Nikasema nimeona. Akaniuliza nimeona nini, nikashindwa kujibu.

Nilichokiona, na ambacho nimekuja kukielewa baadaye kwa msaada wake na wa Bruda, ni hiki. Kati ya plunja na kinyumba chake iko nafasi ya mikroni mbili au tatu, na unywele wa mtu una mikroni kama sabini. Nafasi hiyo haina mpira wala gamba la kuziba. Inazibwa na mafuta yenyewe. Dizeli ina unene wa kukaa mle; mafuta ya taa, ambayo unene wake ni kama nusu tu ya ule wa dizeli, hupenya na kukimbia. Pampu ikipata moto huzidi kuwa mepesi, na kama plunja imekwisha kulika, mafuta yote hurudi nyuma badala ya kwenda kwenye nozeli. Kwa hiyo injini huwaka asubuhi na kukataa mchana, na maji baridi juu ya pampu huirudishia uhai kwa kitambo. Mjomba alikuwa ameniambia ugonjwa wote langoni pa shule, neno kwa neno.

Lakini mbona mashine ya baba haikudhurika? Swali hili lilinisumbua sana, kwa maana ndani yake nilitafuta udhuru. Fundi alinijibu kwa kuziweka pampu mbili mezani, moja kando ya nyingine. Ile ya mashine ya kusaga ni kitu sahili. Chini yake iko kamu inayoisukuma plunja juu, na kamu hiyo huogea oili ya injini. Mafuta ya tangi huigusa plunja peke yake. Ile ya pikapu ni ya kuzunguka: plunja moja inahudumia silinda zote nne, ikipiga huku inazunguka, na kila kilichomo ndani, roli, bamba la kamu, mapezi ya kuvuta mafuta, vyote vinaogea mafuta yale yale ya tangi. Hakuna tone la oili ya injini liingialo humo. Mafuta ndiyo chakula chake, na mafuta ndiyo oili yake.

Usiku ule nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Injini ya baba hugeuka mara 650 kwa dakika, na kwa kuwa ni ya mipigo minne, plunja yake hupiga mara 325. Siku tisa, saa nne kila siku, ni mapigo 702,000. Injini ya pikapu ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika, pampu yake huzunguka mara 1,500, na kila mzunguko hupiga mara nne: ni mapigo 6,000 kwa dakika. Mjomba aliendesha siku sita kila juma, kwa majuma saba, na tuseme saa nne kwa siku. Jibu lilikuwa mapigo 60,480,000. Nililitazama jibu hilo muda mrefu. Majaribio yangu ya siku tisa, ambayo kwayo niliutangazia mji kwamba injini haitajua tofauti, hayakufika hata siku moja ya kazi ya gari lile.

Tena iko habari ya utelezi, ambayo si kitu kimoja na unene. Dizeli tunayonunua siku hizi imesafishwa sana. Mwaka 2015 kipimo cha Afrika Mashariki kilishushwa hata salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Kazi hiyo ya kuondoa salfa ni njema kwa mapafu yetu, lakini huondoa pamoja nayo vitu vya asili vilivyokuwa vikiteleza baina ya chuma na chuma. Kwa hiyo wenye viwanda hurudishia dawa kidogo ya utelezi. Ulaya huipima kwa kusugua mpira mdogo wa chuma juu ya bamba ndani ya mafuta: alama ya kulika isizidi mikroni 460. Mafuta ya taa hayatiwi dawa hiyo. Taa haina plunja, yataka utambi tu.

Nisije nikaeleweka vibaya. Nilipoiona pampu ya mjomba imefunguliwa, roli zake zimekwanguka na unga wa chuma umejaa kama masizi, nilitaka kuapa kwamba mafuta ya taa na dizeli ni adui. Fundi alinikataza. Katika nchi za baridi kali nta iliyomo ndani ya dizeli hugandamana na kuziba kichujio, na madereva wa huko hutumia dizeli nyepesi ya majira ya baridi, au huchanganya mafuta ya taa, na magari yao huenda. Majeshi ya NATO yameamua zamani kutumia mafuta ya namna moja kwa ndege na kwa magari, na mafuta hayo ya ndege ni jamii ya mafuta ya taa. Lakini huyatia dawa. Mwaka 1990 na 1991 jeshi la Marekani katika Saudi Arabia lilitumia mafuta ya kawaida ya ndege za abiria katika magari yake ya dizeli, bila dawa ile, na pampu za kuzunguka zikaharibika, kama ya mjomba. Habari hii fundi aliniambia huku akicheka, nadhani kwa kutaka kunifariji. Jeshi zima lilikuwa na wahandisi. Mimi nilikuwa na kitabu kisicho na gamba.

Yeye mwenyewe, akikwama njiani na injini ya pampu ya zamani, hutia mafuta ya taa na lita moja ya oili safi katika kila lita hamsini, akafika aendako, kisha akarudi katika dizeli. Katika pampu ya kuzunguka hatii hata hivyo, maadamu ana miguu ya kutembea. Petroli hatii kamwe katika yo yote, kwa maana haipendi kujiwasha kwa kusongwa, na haina utelezi wo wote.

Wengi wa wateja waliokuja karakanani hawakutia mafuta ya taa wenyewe. Waliuziwa. Mahali po pote ambapo mafuta ya taa yana kodi ndogo kwa kuwahurumia wenye taa za utambi, hutokea mtu wa kuyachanganya katika dizeli na kuyauza kwa bei ya dizeli. Tanzania iliongeza sana kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili faida hiyo ife. Kenya ilifanya vile vile mwaka 2018, kwa tozo ya shilingi 18 za Kenya kwa lita. Magari yakapona, lakini mama mwenye taa ya utambi na jiko akalipa. Sina jibu la jambo hili. Nimelitaja kwa sababu siku moja mteja, mwalimu mstaafu, alilia mbele yetu juu ya pampu iliyoharibiwa na mafuta ya wizi, nami nikaangalia chini, nikijua kwamba mimi nilimpa mjomba mafuta yale yale kwa nia njema, na pampu haikujua nia yangu.

Mwisho wa Agosti fundi alisema hesabu yetu imekaribia. Kabla ya kurudi shuleni nilikwenda na baba kwa yule mama aliyevunjika mkono. Tulimchukulia unga, debe zima, uliosagwa kwa dizeli. Mkono ulikuwa umeunga lakini haukunyoka vizuri. Hawezi tena kujitwisha mzigo mzito mwenyewe, mpaka asaidiwe. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, na plunja, na mikroni. Aliniacha niseme mpaka nilipofika kwenye pampu, kisha akaniuliza kama nimekula. Baba akanikanyaga mguu, nikasema bado, tukala.

Mashine ya baba inasaga hata leo. Plunja yake niliibadilisha mwenyewe likizoni, na ile ya zamani ninayo katika sanduku langu la hesabu; ye yote anayetaka kuiona na aje mezani kwangu kabla ya mitihani.

Na mjomba aliendelea kulipa nusu yake. Siku ya wazazi ya muhula uliopita alikuja na pikapu ile ile, akaiingiza hata chini ya mwembe wa ofisi, akazima injini. Aliitazama saa yake. Tulizungumza habari za nyumbani karibu nusu saa, jua likiwa kali. Kisha akafungua kifuniko cha tangi, akaniita.

"Nusa, mpwa."

Nikainama nikanusa. Nikasema ni dizeli.

"Una hakika?"

Nikatia kidole, nikakisugua na kidole gumba, nikasubiri. Kilikuwa kizito, kikateleza, wala hakikukauka upesi. Nikasema nina hakika. Akafunga kifuniko, akaingia, akageuza ufunguo, na injini, ikiwa na moto wake wote, ikaitika mara ya kwanza.